Kisa kisigeuke kiza: Kiswahili katika simu ya msomaji asiyeona

Mwanafunzi mwenzangu asiyeona aliniomba nimsomee makala ya somo la fasihi, siku mbili kabla ya mtihani. Nikamuuliza, "Simu yako si inasoma?" Akaniwekea simu sikioni. Maandishi yalikuwa ya Kiswahili, sauti ilikuwa ya Kifaransa. Palipoandikwa *kisa*, ilitamka *kiza*.

Tuliorodhesha makosa yale pamoja, nikaona kwamba kila moja lina kanuni yake. Katika Kifaransa, s iliyo kati ya irabu mbili husomwa z. Basi *posa* likawa *poza*. Herufi ch husomwa sh. *Choka* likawa *shoka*. E ya mwisho humezwa. *Asome* likabaki *azom*. Hili la mwisho ndilo baya zaidi, maana -e hiyo ndiyo inayobeba ombi na amri. Ikimezwa, sarufi nayo imekwenda.

Programu ya kusoma skrini huchukua herufi, huzigeuza kuwa fonimu kwa kanuni za lugha iliyochaguliwa, huweka mkazo, kisha hutamka. Kwenye kompyuta tuliweka NVDA, programu ya bure, tukachagua sauti ya Kiswahili ya eSpeak NG. Sauti ni kavu, lakini *kisa* kilirudi kuwa *kisa*. Nikataka kuipunguza mwendo ili aelewe vizuri. Mwenzangu akacheka: "Ongeza! Mimi nasikia haraka kuliko wewe unavyosoma." Hapo nilijifunza kutombunia mtu kitu kabla ya kumuuliza.

Je, kazi imekwisha? Bado. Tahajia ya Kiswahili inaisaidia mashine, kwa kuwa herufi hufuata sauti na mkazo huwa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hata hivyo *barabara* ya kupita magari na *barabara* yenye maana ya "sawasawa" huandikwa namna moja, ila mkazo wake ni tofauti. Muktadha tu ndio unaozitenganisha. Tena sisi wa Kongo tunachanganya: "Examen ya leo imeahirishwa." Katika sentensi hiyo sauti ya Kiswahili huharibu *examen*, na ya Kifaransa huharibu yaliyobaki. Mashine haitambui daima kwamba lugha imebadilika. Mara nyingi lazima iambiwe.

Kwa hiyo nawaomba walimu na wanafunzi wenzangu mambo mawili. Kwanza, tugawe makala yaliyochapwa kwa herufi, si picha za kurasa, kwa sababu programu hizi husoma herufi, na picha tupu hazina. Pili, tuonyeshe lugha ya kila aya ndani ya faili, ili sauti ijue pa kubadilika.

Mafundi wanajua kuandika programu. Lakini orodha ya maneno kama *barabara*, na kanuni za mchanganyiko wetu, wataandikiwa na nani kama si sisi tunaosoma lugha? Mimi na mwenzangu tumeianza yetu. Ina maneno arobaini.