Ruvu na Pangani: Jina la Mto na Jina la Mahali

1.0 Utangulizi

Mto unaoingia Bahari ya Hindi kati ya mji wa Pangani na kijiji cha Bweni una majina zaidi ya moja. Huko juu, Kikuletwa, utokao pande za Meru na Kilimanjaro, na Ruvu, utokao Ziwa Jipe, hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo mto hupita Korogwe na Hale hadi pwani. Ramani huuita Pangani. Wazigua huuita Luvu, jina ambalo wasafiri wa karne ya 19 waliliandika Rufu. Makala haya yanadai kwamba majina hayo si visawe.

2.0 Ushahidi wa Kimofolojia

Ruvu huanza na umbo ru-/lu-, kama Ruvuma na Ruaha. Katika Kiswahili kiambishi hicho cha ngeli kimebaki u-: lulimi ya Kizigua ni ulimi. Kwa hiyo jina hili ni la lugha za bara, nalo linautaja mto wenyewe.

Pangani, kwa upande wake, huishia na -ni ya mahali, na upatanisho wa kisarufi huthibitisha hivyo. Asemaye “Pangani kumefurika” anazungumzia mji. Mto ukijaa, husemwa “mto wa Pangani umefurika”. Yaani ni mto upitao penye mji huo.

3.0 Suala la Asili

Pango haliwezi kuwa shina, kwani lingezaa Pangoni. Kitenzi panga nacho hakipokei -ni ya mahali. Panga, chombo cha kukatia, lingekubalika kimofolojia. Lakini kukubaliana kwa umbo si ushahidi wa historia.

4.0 Athari na Hitimisho

Burton na Speke, mwaka 1857, waliuingia mto huu kutokea mdomoni. Wachora ramani waliotazama kutoka baharini walikiacha kihusishi wa, na jina la mji likapandishwa hadi bara. Wakati huohuo, Ruvu nyingine, iitwayo pia Kingani karibu na Bagamoyo, ilibaki na jina lake. Reli iliyokamilika mwaka 1963 kati ya Ruvu na Mnyuzi inaanzia kwenye Ruvu hiyo, na kuishia katika bonde la Ruvu ya Wazigua. Mtafiti asiyelijua hilo atahamisha simulizi za watu wa mto mmoja hadi mto mwingine. Inafaa basi kila jina liandikwe pamoja na mahali linapotumika na lugha ya msemaji wake.