Karatasi ya mtoto ni haki yako

Mdogo wangu, pole. Pole sana. Najua wiki hizi hutaki kuona fomu yoyote wala kupigiwa simu za miadi. Lakini nivumilie kidogo, maana wengi wenu mnaoishi Uingereza mnaniandikia mambo yakiwa yameshapita, na hili lina siku zake.

England na Wales, mtoto aliyezaliwa mfu baada ya wiki 24 za ujauzito ni lazima asajiliwe, na mna siku 42 tu. Scotland ni siku 21. Daktari au mkunga atawaandikia cheti cha hospitali, nanyi mtakwenda nacho kwa msajili. Yeye ndiye atakayewapa karatasi ya kuruhusu mazishi, pamoja na cheti cha mtoto. Kama mnataka kuzika haraka, kama tulivyozoea Waislamu, mwambieni mkunga siku hiyo hiyo ili awasaidie kumpata msajili. Ada za makaburi au za kuchoma maiti je? Kwa England kuna mfuko wa serikali unaozilipa kwa watoto hawa, bila kujali kipato cha wazazi. Waulizeni wasimamizi wa makaburi kabla hamjatoa hata senti.

Sasa watakuja mawifi na mashangazi: "Makaratasi ya nini tena? Mungu atakupa mwingine." Wanasema kwa mapenzi, lakini kwa hili usiwasikilize.

Mnaweza kumpa mtoto jina na likaandikwa. Hamlazimishwi, ila mkitaka, liandikeni pembeni kwa herufi kubwa mkampe msajili, kwa sababu Mwanaidi hugeuka Mwana Idi kufumba na kufumbua. Someni kila mstari kabla ya kutia saini: majina yenu, mahali mlipozaliwa, kazi zenu. Kurekebisha baadaye ni usumbufu ambao huhitaji.

Na hapa ndipo wengi wanapokwama. Ndoa iliyofungwa kihalali Tanzania au Kenya haina shida. Baba anaweza kwenda peke yake nawe ukabaki umelala. Lakini kama mlifungishwa nikaha sebuleni Leicester na hamkuwahi kuandikishwa serikalini, sheria ya hapa inawahesabu kuwa hamjaoana. Shekhe alifanya kazi yake, sibishani naye, ila msajili hana macho hayo. Jina la baba litaingia kama mtakwenda wote wawili, au kama mmoja atapeleka tamko la kiapo la mwenzake. Baba akienda peke yake mikono mitupu atarudishwa, na mwanamume aliyetoka kufiwa akirudishwa mlangoni, mwenzangu, nyumba inawaka moto.

Jambo jingine: muulize mkunga waziwazi kama mtoto alitoka akiwa na dalili yoyote ya uhai. Kama moyo wake ulipiga, hata kwa dakika moja, huyo alizaliwa hai. Atasajiliwa kuzaliwa na kufariki pia, hata kama mimba haikufika wiki 24.

Waliopoteza mimba kabla ya wiki hizo hawana usajili wa kisheria. Ila tangu Februari 2024, kwa wakazi wa England, serikali inatoa cheti maalumu cha kumtambua mtoto huyo. Ni bure na ni hiari, huombwa mtandaoni, na sasa hata waliofiwa zamani wanaruhusiwa kukiomba. Hakina nguvu ya kisheria, lakini nawajua kina mama wanaokiweka pamoja na kadi ya kliniki, na mimi sioni cha kuwacheka.

Kazini, usiombe ruhusa kama anayeomba msaada. Mwajiriwa aliyejifungua mtoto mfu baada ya wiki 24 ana haki ya likizo nzima ya uzazi, hadi wiki 52, ingawa malipo yana masharti yake. Tangu Aprili 2020 kuna pia wiki mbili za likizo ya msiba kwa mzazi, na baba anahesabiwa humo. Meneja akisema "lakini hakuna mtoto", mwonyeshe cheti.

Nanyi dada zangu wakubwa mliozaa hapa miaka ile, mkaambiwa msahau: watoto wa namna hii wanasajiliwa England na Wales tangu 1927. Daftari hilo haliko wazi kwa kila mtu, lakini mzazi anaruhusiwa kuomba nakala kwenye ofisi kuu ya usajili. Ombeni.