Uhamiaji Mijini: Hesabu ya Anayehama

Mwaka 1964 serikali ya Kenya, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipatana kuongeza ajira ili kupunguza idadi ya wasio na kazi mijini. Watu wapya waliajiriwa. Lakini habari zilipofika mashambani, wengi zaidi walifunga safari, na tatizo likabaki palepale.

Wataalamu wa uchumi John Harris na Michael Todaro walieleza jambo la namna hiyo mwaka 1970. Anayehama halinganishi mapato ya shamba na mshahara wa mjini tu. Hupima pia uwezekano wa kuupata mshahara huo. Kwa mfano, ikiwa shamba humpatia mtu shilingi 200 kwa mwezi, na mshahara wa mjini ni shilingi 600, basi hata kama mmoja tu kati ya wawili hupata kazi, tarajio lake ni shilingi 300. Kuhama kwake si upumbavu, kama inavyodaiwa mara nyingi. Ukame, bei duni ya mazao na ardhi iliyogawanywa mno baina ya warithi huzipunguza zile 200.

Mwaka 1983 Tanzania iliwarudisha vijijini wasio na kazi wa Dar es Salaam, katika kampeni ya Nguvu Kazi. Wengi walirejea mjini: hesabu yao ilikuwa ileile.