Kozi ni bure, kazi iko kwenye boksi

Wengi wanaoniuliza nilijifunzaje kutengeneza tovuti bila kusomea kompyuta huanza na swali la bei. Kozi niliyosoma, freeCodeCamp, haina ada. Quincy Larson aliianzisha mwaka 2014, na hata cheti chake ni bure. Gharama iko kwenye bando na kwenye muda. Ndiyo maana niliipenda kuliko kozi za video: masomo yake mengi ni maandishi. Unasoma aya mbili, unaandika msimbo hapo hapo, ukikosea haikuruhusu kusonga mbele. Video unaweza kuitazama saa nzima ukiitikia tu kwa kichwa, halafu ukifungua faili tupu huna pa kuanzia.

Upande wa mbele wa tovuti, yaani kile mtu anachokiona na kukibonyeza, unasimama kwenye lugha tatu. HTML inasema ukurasa una nini: vichwa, aya, picha, fomu. CSS inapanga mwonekano. JavaScript inaitikia mtu akibonyeza. Hii ya mwisho Brendan Eich aliitunga mwaka 1995 kwa siku kumi, na ukikutana na vituko vyake utaamini. Watu wanaikimbilia mapema mno. Kaa kwanza na mambo mawili yanayoamua kama ukurasa wako utasomeka kwenye simu, maana hapa chuoni nani anasubiri afike kwenye kompyuta ndipo asome tangazo?

La kwanza ni mstari mmoja wa HTML:

<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">

Bila huo, kivinjari cha simu huupanga ukurasa kana kwamba kioo kina upana wa kompyuta, kwa kawaida pikseli 980, kisha hubana vyote vienee. Herufi zinabaki kama punje za ulezi.

La pili ni hesabu ya boksi, na hapa ndipo pa kutulia. Kwa CSS kila kitu ukurasani ni boksi. Chukua simu yenye upana wa pikseli 360. Unaandika width: 100%, unaweka padding ya 20 kila upande na border ya 5. Unategemea boksi lienee kwenye 360. Wapi! CSS inajumlisha: 360 + 40 + 10, jumla 410. Pikseli 50 zimetoka nje, na ukurasa unayumba kushoto na kulia kila ukiugusa. Dawa yake ni box-sizing: border-box, ambayo huingiza nafasi na ukingo ndani ya upana uleule.

Utasema pikseli 50 ni kitu gani. Kuna fomu moja ya kuomba chumba ambayo kitufe chake cha "Tuma" kilijificha kulia, nje ya kioo. Mwenzangu alihangaika nayo usiku wa siku ya mwisho, akidhani mtandao ndio unasumbua. Nilipoisogeza kando kitufe kikaonekana. Waliokuwa peke yao sijui walifanyaje.

Miongoni mwa miradi ya kozi hii ipo fomu ya dodoso. Iandike kwa Kiswahili, iwe ya jambo ambalo darasa lenu linalihitaji kweli, halafu azima simu ndogo kuliko zote hapo hosteli umpe mwenyewe aijaze. Usimwelekeze. Angalia tu kidole chake kinakwama wapi.