Mwacheni mjukuu na babu yake

SWALI: Shangazi, mimi ni mzaliwa wa Machakos, nimeolewa Nyamira na tunaishi Embakasi. Likizo ya Aprili tulimpeleka mwanetu wa miaka 9 kwa wazazi wa mume wangu, karibu na Kebirigo. Tulikuwa tumepanga matembezi: Kisumu kuona wanyama, kisha Tabaka kwa wachongaji wa mawe ya sabuni. Baba mkwe alikataa katakata kuingia garini, na mama mkwe akabaki naye. Tulirudi usiku tumeshiba chipsi, tukakuta mboga ya chinsaga aliyotupikia mama mkwe ingali mekoni. Sasa wanataka Agosti tumwache mtoto huko wiki mbili, sisi turudi Nairobi. Mtoto hajui Ekegusii na mume wangu amenyamaza tu. Je, wamenichukia?

JIBU: Hawajakuchukia, mwanangu. Wakisii wana chinsoni, miiko ya heshima kati ya wazazi na watoto wao, na baina ya baba mkwe na mkaza mwana miiko hiyo ni mikali. Mzee aliyelelewa hivyo hawezi kubanana nawe kwenye gari dogo hadi Kisumu. Alikuwa anakuheshimu.

Kati ya babu na mjukuu mambo ni kinyume kabisa. Hapo utani unaruhusiwa, vicheko vinaruhusiwa, na nyanya anaweza kumwita mvulana wako mume wake bila mtu kushtuka. Lakini ninyi wazazi mkiwepo, mzee hujibana. Mkiondoka, mtoto atampata babu ambaye wewe hujawahi kumwona. Ndiyo maana nasema mwacheni.

Usihofu kwamba atachoka kukaa. Ataamka na nyanya kwenda kuchuma chai, afundishwe kuchagua majani mawili na chipukizi, kisha waende pamoja kituoni kuyapima. Ekegusii ataokota huko huko, kwa wenzake wa rika lake. Hayo nayo ni matembezi.

Ila kwenye chakula ulikosea. Chinsaga ni mboga chungu. Huchemshwa muda mrefu, hutiwa maziwa, kisha huachwa hadi uchungu upungue. Mama aliyekupikia hiyo alikuwa jikoni muda mrefu akikusubiri, nawe ukaja umeshiba. Mwombe radhi, tena wewe mwenyewe, usimtume mumeo.

Jambo moja usilipuuze. Nyanda za juu za Kisii na Nyamira zina baridi, lakini malaria ipo na imewahi kuzuka kwa kishindo baada ya mvua. Mtoto aliyekulia Nairobi hana kinga ya kutosha. Mfungashie chandarua, na mkubaliane na nyanya kwamba akipata homa atapelekwa zahanati kupimwa siku hiyo hiyo, asipewe dawa za dukani.

Na huyo mume aliyenyamaza? Hao ni wazazi wake, na miiko hiyo anaijua tangu utotoni. Alipaswa kukueleza kabla hamjawasha gari. Basi Agosti yeye ndiye ampeleke mtoto, naye ndiye akae na baba yake wapange. Kama bado mnataka kwenda Tabaka, nendeni siku mtakayokwenda kumchukua, na mrudi mapema mle nyumbani.

Mpigie mama mkwe simu wiki hii. Likizo haiko mbali.