Baiskeli ya Mikono: Itunze Ikutunze

Leo tuweke pembeni malaria na magonjwa ya zinaa, tuzungumze juu ya chombo cha usafiri. Usishangae. Kwa mwanafunzi ambaye miguu yake haimbebi, breki iliyolegea ni suala la afya kabisa, sawasawa na chandarua kilichotoboka.

Chombo chenyewe unakijua. Ni ile baiskeli ya magurudumu matatu ambayo mtu anakaa kitini na kuzungusha pedeli kwa mikono, mnyororo unazungusha gurudumu, safari inakwenda. Wengi huiita "baiskeli ya walemavu". Humu tutaiita baiskeli ya mikono, maana ndivyo inavyoendeshwa. Siku hizi zipo pia zilizofungwa mota na betri, na viskuta vidogo vya umeme vya kukunjwa ambavyo huletwa kama mtumba au zawadi kutoka nje. Hivyo navyo tutavifikia.

Nani anazitumia? Usidhani ni waliougua polio tu. Virusi vya asili vya polio vilionekana Tanzania kwa mara ya mwisho mwaka 1996, kwa hiyo wengi waliopooza kwa ugonjwa huo leo ni watu wazima. Kijana wa rika lako anayetumia baiskeli hii huenda alizaliwa na mgongo wazi, au ana mtindio wa ubongo, au aliumia uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda. Au alidondoka kutoka juu ya mwembe. Na Tabora, kama ujuavyo, miembe haina idadi, mingine ilianza kuota enzi za misafara.

Misafara hiyo ina jambo la kutufundisha. Kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, na kutoka hapa hadi Ujiji, wapagazi walitembea kwa miguu miezi mizima, kila mmoja na mzigo wa kama kilo 30 begani. Sheria ya njia ilikuwa ngumu: anayeshindwa kutembea abebwe, au abaki. Dokta Livingstone, aliyekaa kwenye tembe la Kwihara mwaka 1872, alibebwa na watu wake alipozidiwa mwaka 1873, hadi alipofia huko kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Mpagazi wa kawaida aliyevimba miguu hakuwa na wa kumbeba. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na safari ndefu zikawa nafuu. Lakini zile kilomita mbili tatu za kutoka nyumbani hadi shuleni hazina treni, na ukishaacha lami, njia nyingi ni kichanga. Hapo ndipo baiskeli ya mikono inapopata kazi yake, na hapo ndipo inapoharibikia.

Tuanze na breki, na tukae hapo kidogo.

Nyingi ya baiskeli hizi zina breki kwenye gurudumu la mbele peke yake. Hiyo ikikataa, hakuna nyingine. Mwenye miguu akiishiwa breki huburuza viatu chini. Huyu hana cha kuburuza. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kuondoka nyumbani, bana breki kisha sukuma baiskeli kwa mkono. Gurudumu likizunguka, usiondoke. Angalia pia mkono wa breki: ukigusana na mshikio unapobana, waya umelegea, ukazwe. Tazama raba za breki. Mifereji yake ikishafutika, raba imekwisha, na ukiendelea nayo chuma kitaanza kula rimu. Raba ibane rimu, siyo tairi; ikigusa tairi italichana siku si nyingi. Rimu ikipata oili, ioshe kwa maji na sabuni mpaka ikauke. Wakati wa masika rimu ikilowa breki huchelewa kushika, basi anza kubana kidogo kidogo mapema kabla hujafika kwenye mteremko.

Habari njema ni kwamba waya wa breki, raba, mnyororo, spoki na goroli za baiskeli hizi kwa kawaida ni vilevile vya baiskeli za kawaida. Fundi yeyote chini ya mti anaweza kuvibadilisha. Hakuna sababu ya kungoja mfadhili arudi.

Ukisimama mahali penye mwinuko, weka jiwe nyuma ya gurudumu kabla hujaanza kuhama kutoka kitini. Ajali za kitoto hutokea hata chombo kikiwa kimesimama.

Sasa kichanga. Mchanga ukichanganyika na grisi kwenye mnyororo unakuwa msasa, unasaga meno taratibu. Wengine hupaka mafuta ya kupikia kwa kuwa ndiyo yaliyopo jikoni. Acha. Yanaganda na kunata, mchanga unapata nyumba. Tumia oili nyepesi kidogo, zungusha pedeli, halafu futa ya juu yote kwa kitambaa. Inayohitajika ni ile iliyoingia ndani. Mara moja kwa wiki inatosha, na baada ya kila mvua kubwa. Siku hiyohiyo zishike nati moja moja kwa spana, hasa za ekseli na za kiti, maana barabara ya makorongo huzifungua bila kelele.

Mbigili ni adui mwingine. Tembea na pampu, kiraka, solusheni na kipande cha msasa kwenye mfuko uliofungwa nyuma ya kiti, na ujifunze kuziba pancha mwenyewe. Ukiondoa tyubu, pitisha vidole polepole ndani ya tairi. Mwiba ukibaki humo utatoboa tena kabla hujafika kona. Tairi lisiwe laini. Tairi lililopungua upepo kwenye kichanga hukumaliza mabega, na mabega ndiyo miguu yako ya pili.

Kuhusu kona: magurudumu matatu hayana uthabiti wa manne. Punguza mwendo kabla ya kukata kona, siyo katikati yake, na egemea upande unaopinda. Mzigo ukae chini na nyuma, katikati. Mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, wafanyabiashara wenye ulemavu wamevusha bidhaa kwa magurudumu matatu kwa miaka mingi, lakini baiskeli zao huundwa kwa kubebea mizigo na wana wasukumaji. Yako ya shule haikuundwa kubeba gunia la mahindi pamoja na mdogo wako juu yake. Kwenye njia ya reli, vuka ukiwa umenyooka moja kwa moja na mataruma ubavuni. Ukivuka mshazari, gurudumu la mbele linaweza kuzama pembeni ya chuma, na treni haipigi breki ikasimama hapo hapo.

Na ninyi mnaosukuma! Najua mnapenda, hasa kengele ikishagonga. Lakini muulize mwenzako kwanza: "Nikusukume?" Akisema hapana, ni hapana. Kumsukuma mtu ghafla kutoka nyuma ni sawa na kumshika mtu miguu akiwa anatembea, na pedeli zinazozunguka zinaweza kumpiga vidole. Ukisukuma, usikimbie kwenye mteremko, na usiachie bila kusema. Mashindano ya kusukumana uwanjani ni burudani kwa msukumaji tu.

Tuje kwenye umeme. Kiskuta cha betri kinapendeza, kinang'aa, kila mtu anataka kupigia picha. Ushauri wangu ni kwamba usikikimbilie kabla hujauliza maswali matatu.

La kwanza, magurudumu yake. Viskuta vya kukunjwa vilitengenezwa kwa ajili ya vijia vya saruji na sakafu za maduka. Magurudumu ni madogo, tumbo liko karibu na ardhi, na mwendo wa vingi ni wa mtu anayetembea, kama kilomita 6 kwa saa. Kwenye kichanga cha Tabora kitazama, mota itavuta umeme mwingi, na betri iliyoandikiwa kilomita 15 itakuacha njiani kabla ya nusu yake. Kwa njia zetu, baiskeli ya mikono yenye magurudumu makubwa inakishinda, hata kama haipendezi pichani.

La pili, chaja. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230. Chaja iliyotoka Marekani inaweza kuwa ya volti 120 tu, na ukiichomeka hapa itaungua. Soma maandishi yaliyo nyuma yake kabla ya kuchomeka. Kama imeandikwa 100–240, haina shida. Betri zenyewe mara nyingi ni mbili za volti 12, za asidi na risasi kama ile ya gari, ila zimezibwa. Hizi hazipendi kukaa tupu: chaji kila baada ya kutumia, na ukienda likizo usiiache imeisha. Chaji mahali penye hewa, mbali na kitanda, mbali na jiko na kibatari, maana zinaweza kutoa gesi inayoshika moto. Betri za lithiamu ni nyepesi zaidi, lakini ukiona imevimba, imepata joto lisilo la kawaida au ilidondoka ikabonyea, usiichaji tena. Itolewe nje ya nyumba, apewe fundi anayezijua. Fyuzi ikikatika weka ya kipimo kilekile; kipande cha waya au karatasi ya sigara ni mwaliko wa moto.

La tatu ndilo watu wengi hawalijui. Vingi vya viskuta hivi vina kitasa nyuma cha kutenganisha mota na magurudumu, ili kisukumwe betri ikiisha. Katika vingi, breki iko kwenye mota. Maana yake, ukishakivuta kitasa, kiskuta hakina breki tena. Kamwe usikivute kitasa hicho mtu akiwa amekaa juu yake kwenye mteremko, na ukimaliza kusukuma kirudishe kabla hajapanda. Waeleze wenzako wote darasani, kwa sababu siku betri itakapoisha wao ndio watakaokivuta.

Chombo kikiwa salama, bado kuna mwili uliokaa juu yake. Mtu aliyepooza kwa polio kwa kawaida anahisi maumivu kwenye miguu yake. Mwenye mgongo wazi au aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi hahisi. Akikaa kutwa nzima bila kujisogeza, mifupa ya makalio inabana ngozi, damu haipiti, ngozi inakufa, na yeye hajui. Hicho ndicho kidonda cha mgandamizo. Huanza kama doa dogo. Kwa ngozi nyeusi usitafute wekundu tu. Tafuta sehemu iliyozidi kuwa nyeusi, au yenye joto, au ngumu kuliko ngozi ya jirani. Ukiliona, usikalie upande huo mpaka lipotee kabisa. Ngozi ikishachanika, nenda zahanati siku hiyohiyo. Kwa Tabora mjini hospitali ya rufaa ya Kitete ipo. Kidonda hiki kikiachwa hufika kwenye mfupa, na watu hufa kwacho. Sitii chumvi.

Kinga yake haina gharama. Kila baada ya dakika 15 hadi 30 jinyanyue kwa mikono kitini, au egemea upande mmoja kisha mwingine, au inama mbele juu ya dawati. Mwalimu akiuliza kwa nini unacheza-cheza, mweleze. Jikague asubuhi na jioni kwa kioo kidogo. Kaa juu ya mto wa sponji mnene, siyo ubao mtupu. Usikalie tyubu ya gari iliyojazwa upepo: ile duara inabana damu pembeni na kuongeza tatizo badala ya kulipunguza.

Kuna jambo la mwisho ambalo wasichana wengi hawalisemi mbele ya darasa. Baadhi ya wanafunzi wanaotumia baiskeli hizi hawanywi maji tangu asubuhi ili wasihitaji choo, kwa sababu mlango ni mwembamba, kuna ngazi, na sakafu imelowa ambapo wanalazimika kutambaa. Mkojo ukikaa sana kwenye kibofu, vijidudu huzaliana, maambukizi hupanda hadi kwenye figo. Oktoba ya Tabora na jua lile, bila maji! Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike na watu wote, na choo cha shule ni sehemu ya jengo hilo.

Zoezi la wiki hii, lifanyeni wawili wawili. Chukueni rula au futikamba mkapime upana wa mlango wa choo cha shule yenu. Ukiwa chini ya sentimita 80, kiti cha magurudumu kitapita kwa taabu au hakitapita kabisa. Hesabuni ngazi. Angalieni kama kuna chuma cha kushikia ukutani. Andikeni vipimo hivyo kwenye karatasi moja, pamoja na jina la shule na tarehe, mumpelekee mwalimu wa afya, na nakala mjumbe wa kamati ya shule.

Na kabla ya kuondoka leo mchana, baneni breki ya mwenzenu, msukume kidogo, muone kama inashika.