Haidrojeni Safi: Mnunuzi Kwanza, Mtambo Baadaye

MKULIMA wa Kitale au Uasin Gishu hana haja na haidrojeni, ila ana haja na mbolea. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipovuruga soko la dunia, mfuko wa kilo 50 nchini Kenya ulipita shilingi 6,000. Serikali ililazimika kuingiza ruzuku ili mfuko uuzwe shilingi 3,500 mwezi Septemba mwaka huo, na mwaka 2023 ikaushusha hadi shilingi 2,500. Fedha za kufidia tofauti hiyo zilitoka kwa mlipa kodi.

Ndiyo sababu Kenya, ilipotangaza mpango wake wa taifa wa haidrojeni safi mjini Nairobi Septemba 2023, iliweka mbolea mbele. Mpango huo ni mzuri kwenye karatasi. Swali la kibiashara ni hili: hatari zake ni zipi, na nani atazibeba?

Haidrojeni ni nini

Haidrojeni ni gesi ambayo hupatikana kwa kupitisha umeme kwenye maji na kuyatenganisha. Ikiunganishwa na naitrojeni ya hewani hutoa amonia, ambayo ni malighafi ya mbolea kama CAN na urea. Viwanda vingi duniani hutengeneza haidrojeni kwa kutumia gesi asilia au makaa ya mawe, na hivyo kutoa moshi mwingi. Inapotengenezwa kwa umeme wa jotoardhi, maji, upepo au jua, huitwa haidrojeni safi.

Kenya ina sifa nzuri hapa. Sehemu kubwa sana ya umeme wake tayari hutoka katika vyanzo hivyo, na mvuke wa Olkaria haungoji mvua wala jua.

Hatari ya kwanza: bei ya umeme

Kilo moja ya haidrojeni hula uniti zipatazo 55 za umeme. Uniti ikigharimu senti 10 za Marekani, umeme peke yake ni dola 5.50 kwa kilo. Ikigharimu senti 3, ni dola 1.65. Haidrojeni ya gesi asilia kwa kawaida hugharimu dola 1 hadi 2.

Kwa upande wa amonia, tani moja huhitaji uniti zipatazo 10,000. Kwa senti 10 hiyo ni dola 1,000 kabla ya mshahara wa mfanyakazi yeyote, wala riba ya mkopo. Isipokuwa katika kipindi cha misukosuko kama 2022, tani ya amonia imekuwa ikiuzwa chini ya kiasi hicho.

Afrika ina fundisho lake katika jambo hili. Karibu na mji wa Kwekwe, Zimbabwe, kampuni ya Sable Chemicals ilianza kutengeneza haidrojeni kwa maji na umeme mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati umeme wa Kariba ulikuwa mwingi na rahisi. Kwa zaidi ya miaka 40 amonia hiyo ilitengeneza mbolea ya wakulima wa nchi hiyo. Kisha umeme ukawa haba na ghali, na mwaka 2015 mtambo huo ukafungwa. Kiwanda kikabaki kikitegemea amonia kutoka Afrika Kusini. Ufundi wa mtambo haukuwa tatizo. Kilichouangusha ni ankara ya umeme.

Hatari ya pili: saa za kazi

Wapo wanaosema Kenya itumie umeme wa usiku wa manane, ambao mahitaji yake ni madogo. Hoja hii ina nguvu, lakini ina gharama. Mtambo wa megawati 100 ukifanya kazi saa 24 kila siku unaweza kutoa haidrojeni ya kutosha tani 90,000 hivi za amonia kwa mwaka. Ukifanya kazi saa nane tu, hutoa tani 30,000. Mkopo wa kuununua ni ule ule, na riba hailali.

Kwa hiyo umeme wa usiku lazima uwe rahisi sana ili kufidia saa ambazo mtambo umekaa bure. Vinginevyo ni lazima kujenga vyanzo vipya kwa ajili ya kiwanda, bila kunyang'anya umeme wa majumbani na viwandani wakati wa jioni.

Hatari ya tatu: mnunuzi wa karatasi

Nchi nyingi zilitegemea kuuza nje, hasa Ulaya. Mwaka 2022 kampuni ya RWE ya Ujerumani ilitia saini hati ya makubaliano ya kununua hadi tani 300,000 za amonia kwa mwaka kutoka mradi wa Hyphen wa Namibia. Mwaka 2025 ikajitoa. Haikuvunja mkataba, kwa sababu hapakuwa na mkataba. Huko Australia, Oktoba 2024, kampuni ya Origin Energy iliuacha mradi wake wa Hunter Valley kwa kuona gharama ni kubwa na soko linakua polepole.

Hati ya makubaliano haikubaliki benki kama dhamana. Ujerumani yenyewe imetafuta dawa kupitia mpango wa H2Global: chombo cha kati hununua kwa mkataba wa miaka mingi, huuza kwa mikataba mifupi, na serikali hulipa pengo kwa kiwango kilichowekewa kikomo. Julai 2024 kampuni ya Fertiglobe ilishinda zabuni ya kwanza ya amonia, itakayotoka Misri, kwa bei ya yuro 1,000 kwa tani iliyofikishwa bandarini.

Soko la mbolea la ndani ni mnunuzi wa uhakika zaidi, lakini nalo lina mipaka. Urea huhitaji kaboni pamoja na amonia, na DAP huhitaji fosfati ya kununua nje. CAN ndiyo njia iliyo karibu zaidi. Tena mbolea huuzwa kwa shilingi ilhali mtambo hukopewa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya 130. Mkopaji asiyejikinga na mtikisiko wa namna hiyo anacheza kamari.

Hatari ya nne: usalama

Haidrojeni huwaka upesi na huvuja kirahisi. Juni 2019 kituo cha kujazia magari karibu na Oslo, Norwei, kililipuka kwa sababu ya kifuniko kilichofungwa vibaya kwenye tangi. Amonia nayo ni sumu: mjini Dakar, Machi 1992, tangi lililipuka kiwandani na kuua watu zaidi ya 100. Wakaguzi na kanuni lazima vitangulie matangi.

Nani abebe mzigo

Kanuni ya biashara ni kwamba hatari apewe anayeweza kuizuia. Mjenzi abebe ucheleweshaji wa kiwanda. Mzalishaji wa umeme abebe bei aliyoahidi. Mwenye mtaji abebe ufanisi wa mtambo. Serikali ibebe mambo yake: sheria, ardhi, maji na nyaya za umeme.

Kenya inajua uchungu wa kukosea hapa. Mradi wa upepo wa Turkana wa megawati 310 ulikamilika mwaka 2017, lakini njia ya umeme iliyokuwa jukumu la Serikali ilikamilika Septemba 2018. Katika muda huo mabilioni ya shilingi yalidaiwa kwa umeme ambao haukumfikia mtu yeyote.

Kabla ya dhamana yoyote ya taifa kutiwa saini, maswali manne yajibiwe kwa maandishi:

1. Nani amejifunga kisheria kununua, tani ngapi, kwa bei gani?
2. Bei ya umeme imefungwa kwa miaka mingapi?
3. Mkopo na mapato viko katika sarafu moja?
4. Mradi ukianguka, mlipa kodi atadaiwa kiasi gani, na kikomo chake ni kipi?

Mradi mdogo wenye majibu manne unafaa kuliko mkubwa wenye hotuba nne. Mbolea ikiwa ghali kuliko ile ya melini, mkulima hataulizia kama haidrojeni yake ilikuwa safi.